Mpaka Cranes Watolewe

Busia, Kenya
14 Juni 2025

Kwa kaka yangu Ofumbi,

Hujambo wewe? Wifi yangu Alupo hajambo? Na yule ng'ombe wenu wa pembe moja bado anawafukuza majirani? Sisi huku wazima. Carol, mke wa Levis wangu, alijifungua Jumanne, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na sauti ya kuamsha soko zima. Chrispinus kwa kuwa sasa ni babu ameanza kutembea polepole kama mtu aliyepewa cheo. Vitunguu vinatoka, nyanya zinaniozea, na kelele za mpakani ni zile zile.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Dhopadhola yetu naiongea tu, kuiandika kunanitoa jasho. Wewe Kiswahili ulikipata miaka yako ya kuendesha lori kutoka Malaba hadi Mombasa, kwa hiyo usije ukasingizia hukuelewa. Na nakuandikia barua, mwaka huu, watu wakinicheka, kwa sababu umezima simu. Nimepiga siku tisa. Paddy, yule anayeniletea vitunguu kwa pikapu, amekubali kuwa posta.

Sasa tusizungushane. Paddy ananiambia unachechemea. Alupo ameniambia yaliyobaki. Sukari imekula vidole viwili vya mguu wa kulia, daktari huko Tororo amesema vikatwe mwezi huu, na wewe ukaondoka wodini na plasta ya sindano bado iko mkononi. Vidole viwili, Ofumbi! Hivyo viwili vinakufanyia kazi gani ambayo vinane haviwezi? Niambie siku unayokwenda nije nikae kando yako.

Dada yako,
Athieno


Paya, Tororo
2 Julai 2025

Dada Athieno,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi wote. Barua yako ililala kwa Paddy wiki mbili, giaboksi ilimfia Malaba. Hongera kwa mjukuu. Mwambie shemeji Chrispinus kuwa babu si kazi, mshahara hakuna. Mahindi hapa ni mazuri, mhogo ni mzuri, ng'ombe amempiga katekista lakini hakuumia sana.

Mimi ni mzima. Simu nimezima kwa sababu yule nesi anapiga asubuhi, mchana na jioni, utafikiri ananichumbia. Alupo naye ana mdomo. Kidonda ni kidonda, nimekuwa na vidonda tangu tukicheza mpira bila viatu na wewe ukiwa golikipa, na hakuna aliyekufa.

Tuongee mambo ya maana. Mwezi wa nane CHAN inaanza, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na safari hii wenyeji ni sisi, Uganda, Kenya na Tanzania. Afrika inakuja kwetu kukaa kwenye kiti yetu! Watu wa redio wanasema Cranes, timu yetu ya Uganda, hawatoki kwenye kundi, eti Algeria, eti South Africa, na Guinea na Niger. Waache waseme. Sisi tunafika fainali. Ninyi mmepewa Morocco, Congo, Angola na Zambia. Poleni mapema.

Wimbo wa taifa ukipigwa uwanja wa Namboole, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya TV hapa Paya na miguu mbili na vidole kumi. Kwa hiyo sikia neno langu na uitunze hii barua. Siku Cranes watakapotolewa, kesho yake nakwenda hospitali, bila kusukumwa na mtu. Kabla ya hapo, hata daktari aje na trekta, siendi.

Na wewe usije huku. Ukija kunililia kwenye boma yangu nakurudisha na pikapu ile ile, juu ya vitunguu.

Ni mimi,
Ofumbi


Busia
11 Julai 2025

Kaka Ofumbi,

Tu wazima. Mtoto ameitwa Nanjala, jina la nyanya yake Chrispinus, na anacheka akisikia redio. Mimi sicheki.

Umesema nisije. Sawa, sitakuja, maana nikija nitakubeba mgongoni hadi Tororo na utaona aibu mbele ya majirani. Lakini umeniweka pabaya, na nataka ujue umeniweka wapi. Mimi nimeolewa Kenya miaka ishirini na sita. Huku wananiita Mganda kila Cranes wakishindwa, na huko mnaniita Mkenya kila nikija na sukari. Nimezoea. Timu zangu ni mbili na sijawahi kuona haya. Siku Uganda ilipofuzu kwenda AFCON ya Morocco na Kenya ikabaki nyumbani, nani alipiga kigelegele katikati ya soko la Busia akarushiwa nyanya? Ni mimi.

Sasa wewe umechukua mguu wako ukaufunga kwenye timu. Basi nami nimechagua. Naombea Algeria. Naombea Guinea. Naombea Niger, na sijui hata mtu mmoja wa Niger. Kila siku kabla sijafungua kibanda changu cha vitunguu nasema, Bwana, watoe Cranes mapema, tena kwa mabao mengi ili kusiwe na ubishi. Chrispinus anasema hiyo si sala, ni uchawi. Nimemwambia aje aombe yeye.

Siku hazichezi, Ofumbi. Kidole hakingoji ratiba ya mpira.

Athieno


Paya
6 Agosti 2025

Athieno,

Salamu kwa shemeji na mjukuu. Hapa mvua imerudi. Alupo anakusalimia, nimemwambia asikusalimie.

Tatu bila! Algeria tatu, sisi bila, na mechi ya kwanza, na nyumbani! Watu walikuja kutazama kwangu, nyumba imejaa mpaka dirishani, na wakati wa bao la tatu nikawaza dada yangu wa tumbo moja amepiga magoti Busia. Umefurahi? Niambie ukweli. Bado tuna mechi tatu. Timu ikianza vibaya ndiyo inaamka. Na ninyi eti mmefunga Congo moja bila mnapiga honi mpaka huku tunasikia. Bao moja! Sisi tukifunga moja tunaona haya.

Wimbo nilisimama. Niliegemea Alupo kidogo, lakini nilisimama.

Daktari alituma mtu hapa Jumapili baada ya kanisa. Sikumkaribisha ndani, lakini chai alipewa. Amesema maneno yake, nami nimesema yangu. Neno langu halijabadilika. Wakitolewa, nakwenda. Hawajatolewa.

Ofumbi


Busia
13 Agosti 2025

Kaka yangu,

Sina salamu ndefu leo. Mtoto mzima, mume mzima.

Mmeifunga Guinea tatu. Mmeifunga Niger mbili. Na sisi tumeifunga Morocco tukiwa watu kumi uwanjani, na Busia yote ilitoka barabarani, Waganda na Wakenya wamekumbatiana pale geti la mpakani hata maaskari wameweka kofia pembeni. Watu walikuwa wanacheza kwenye boneti za malori. Mimi nilikaa nyuma ya magunia yangu nikalia. Mteja akadhani ni vitunguu.

Unajua kwa nini. Mtu yule aliyekunywa chai yako nje alikuambia nini? Hukuandika. Alupo ameniandikia yeye, kwa mkono wake, kwenye karatasi ya madaftari ya watoto. Si vidole viwili tena. Sasa ni nusu ya wayo. Amesema mguu umebadilika rangi, na harufu unaificha kwa dawa ya ng'ombe. Dawa ya ng'ombe, Ofumbi! Mwezi wa sita ungepoteza vidole viwili na leo ungekuwa unalima.

Kila Cranes wakifunga bao, wewe unakatwa inchi moja. Hesabu hiyo unaielewa?

Usiniambie tena nimefurahi au sikufurahi. Nilikuwa golikipa wako. Kwa nini usiniambie unaogopa nini? Maana mpira si sababu. Nakujua tangu tumbo la mama.

Athieno


Paya
19 Agosti 2025

Dada,

Tatu kwa tatu!!! Na South Africa! Walikuwa mbele tatu kwa moja, dakika zimekwisha, watu wameanza kuvaa viatu waende, halafu penalti, halafu penalti ingine! Namboole iliruka yote. Mimi niliruka na mguu moja, ile nzuri. Tumeongoza kundi. Sisi, wale wa kufa kundini!

Na ninyi pia mmeongoza kundi lenu, sikatai. Tutakutana fainali, na hapo nitakuonea huruma.

Jumamosi ni Senegal. Omba unavyotaka. Senegal hawajui Paya.

Ile swali yako sitajibu.

Ofumbi


Busia
25 Agosti 2025

Kaka Ofumbi,

Hamjambo nyote. Sisi tumefiwa na timu. Ijumaa Madagascar walitutoa kwa penalti, Chrispinus hajala tangu siku hiyo isipokuwa nisipomwangalia vizuri. Jumamosi Senegal wakawatoa ninyi, bao moja. Siku mbili, nyumba zote mbili. Soko limenyamaza, hata wale wauza vuvuzela wamerudi kwenye soksi.

Cranes wametolewa. Barua yako ya tarehe mbili Julai iko mbele yangu. "Kesho yake nakwenda hospitali, bila kusukumwa na mtu." Kesho yake ilikuwa jana. Alupo anasema jana ulikwenda kanisani, ukarudi, ukalala.

Nakungoja.

Athieno


Paya
3 Septemba 2025

Dada Athieno,

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza niliandika kwamba nilisema Cranes watolewe, sikusema CHAN, na Cranes bado wana AFCON ya Morocco mwezi wa kumi na mbili. Nikaisoma nikaona ni maneno ya mlevi, na mimi sinywi. Nikaichana.

Umeniuliza naogopa nini. Sawa. Mimi siogopi kisu.

Mwaka baba alipokatwa mguu akafa, wewe ulikuwa umekaa ndani na mama na wanawake. Sanduku lilikuja limefungwa. Hamkuona. Wazee waliniita nyuma ya nyumba, mimi mtoto wa kwanza, wakaniuliza mguu wa baba uko wapi. Nikarudi hospitali kwa baiskeli, kilomita zile zote, nikauliza. Mtu mmoja akasema walichoma. Akasema hivyo tu, akaendelea kula muhindi. Nikarudi nikawaambia. Wazee wakasema hatuwezi kumzika baba yenu nusu, huko anakokwenda atachechemea na atarudi kutuuliza. Wakanipa panga. Nikakata kipande ya mgomba, urefu wa mguu, mimi nilipima na mguu yangu mwenyewe. Nikafungua sanduku nikamwekea baba mgomba mahali pa mguu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sijamwambia mtu, hata Alupo.

Sasa daktari anasema si wayo tena. Anasema chini ya goti. Watachoma. Na siku yangu, mtoto wangu Allan atapewa panga. Basi mimi nimekataa. Nizikwe mzima hata kama ni kesho. Ukiniita mjinga, niite.

Ofumbi


Busia
6 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imefika leo asubuhi na nimefunga kibanda. Nimeisoma mara tatu. Nililala karibu na lile sanduku siku mbili, nikaliegemea, sikujua. Pole, Ofumbi. Pole sana. Miaka yote hii ulikuwa unabeba peke yako. Sikuiti mjinga. Nakuita mkaidi, na hilo tumelirithi wote wawili.

Sasa nisikilize mimi. Leo hii nimekwenda hospitali hapa Busia, upande wetu. Nilikaa benchi saa tatu nzima. Nikamwona mkuu wa wauguzi, mama mmoja anaitwa Mable, nikamwambia bila kuficha: kaka yangu atakuja kukatwa mguu, na mguu huo hauchomwi, ni wa kwetu, nitauchukua mimi. Nilikuwa tayari kugombana. Nilikuwa nimefunga kanga kiunoni kabisa. Yule mama akavua miwani akasema, "Kwani huwa hamwombi? Ukiomba tunakupa, unatia sahihi, tunakufungia vizuri." Hivyo tu! Hakuna aliyewahi kuwaambia wale wazee kwamba mtu anaweza kuomba.

Kwa hiyo hakuna moto, hakuna mgomba, na Allan hatapewa panga lolote. Nitaubeba mimi kwa mikono yangu hadi Paya, tuuzike kando ya baba, na siku yako ikifika, hata uwe na miaka mia, utaukuta umekutangulia.

Paddy anakuja Jumatano alfajiri. Usipopanda kwa miguu utapandishwa na Alupo, Levis na mimi, na tutaimba njia nzima wimbo wa taifa wa Kenya. Chagua.

Athieno


Paya
17 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Ofumbi, wodi ya wanaume, Busia,

Hujambo mgonjwa? Unaona dunia, sasa mimi ndiye wa Paya na wewe ndiye wa Kenya. Chrispinus anakuletea uji? Akikuletea baridi, mwambie nitarudi. Alupo yuko hapa anakaanga karanga za kukuletea. Ng'ombe amenipiga nilipoingia tu.

Nataka ujue kila kitu, kwa sababu ni mguu wako na hukuwepo.

Mama Mable alinipa sanduku jeupe la plastiki, limefungwa kwa utepe, na barua ya hospitali yenye mihuri miwili. Niliketi nalo mapajani kwenye pikapu. Paddy alizima redio, na unajua Paddy. Tulipofika mpakani tukaingia foleni kama watu wote. Upande wa Uganda kuna afisa binti, mdogo, glavu mikononi. Akauliza, "Mama, ndani ya hiyo nini?"

Nikasema, "Mguu."

Akasema, "Nyama lazima iwe na cheti ya daktari wa mifugo. Ni ya ng'ombe ama mbuzi?"

Nikasema, "Ni wa kaka yangu."

Akanitazama. Akatazama sanduku. Akauliza pole pole, "Mwenyewe anajua?"

Ofumbi, nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa yale mengine. Nikampa barua. Aliisoma yote, na yule nyuma yetu mwenye lori alikuwa anapiga honi kama mwendawazimu. Binti akavua glavu. Akauliza, "Kwenu wapi?" Nikasema Paya. Akasema yeye ni wa Molo, Tororo hiyo hiyo. Akatoka kwenye kile kijumba chake, akasimama mbele ya lile lori linalopiga honi, akanyoosha mkono, na malori yote yakasimama mpaka tukapita. Hakutuandika mahali popote. Alisema mtu haingizi nchini mguu uliozaliwa hapa hapa, unarudi tu nyumbani.

Hapa wazee walikuwa wamekaa. Katekista alifungua kitabu chake, akatafuta, akafunga, akasema hakuna sala ya mguu. Mzee Olupot wa jirani akauliza aseme pole ama hongera. Nilichoka nao. Nikasema mguu huu umekanyaga breki za lori miaka kumi na minane na haukuua mtu, umelima shamba hili, na umenipiga mashuti mimi mpaka meno yakalegea, kwa hiyo utaombewa. Nikaomba mimi mwenyewe. Allan ndiye aliyechimba shimo. Alichimba vizuri, kando ya baba, upande wa kulia. Hakukata kitu chochote.

Nilipokuwa nimeinama pale niliona ni lazima nikuambie jambo, hata ukinifukuza kwenye ukoo. Jumamosi ile ya Senegal nilikwenda kutazama kwenye banda la video pale karibu na geti. Watu karibu wote walikuwa Waganda, madereva na wenye maduka, wamejipaka rangi. Senegal walipofunga, banda lote lilishika kichwa, na mtu mmoja akaruka juu akapiga kelele "Asante!" Mtu huyo ni mimi. Nilipiga kigelegele, Ofumbi. Dereva mmoja akaniambia, "Mama, toka kabla sijakutoa." Chrispinus alijifanya hanijui. Nilitoka nikasimama nje gizani, naomba dakika zilizobaki ziishe haraka.

Sikuombi msamaha. Lile bao likifungwa tena leo, nitaruka tena, na juu zaidi. Kasirika unavyotaka.

Dada yako,
Athieno


Busia, Kenya
21 Septemba 2025

Dada Athieno,

Mimi sijambo. Uji ya shemeji ni baridi lakini ni mingi. Wamenisimamisha jana na magongo mbili, nikatembea mpaka dirishani, nikaona Uganda. Kidonda ni safi. Daktari wa hapa ni mkali kuliko yule wa Tororo, lakini ni shabiki wa mpira, kwa hiyo tunaelewana.

Barua yako nilisoma nikakasirika siku mbili. Sikula karanga. Wodi nzima hapa ni Wakenya, wamekuwa wakinicheka ile bao ya Senegal tangu nifike, na mimi nawajibu kila siku kwamba AFCON wao wataitazama kwenye TV na sisi tunakwenda. Halafu nasoma kwamba msaliti mwenyewe ni mtu wa damu yangu!

Siku ya tatu nimeamka nikajiuliza kitu, na nitakuandikia wewe peke yako, na ukimwonyesha Paddy nitakataa. Bao ile ilipoingia, nyumba yangu ilijaa watu na wote walilia, nami nikashika kichwa kama wao. Lakini ndani yangu kuna kitu ilikaa chini. Ilisema, basi, sasa imekwisha, mtu atakuja kunichukua. Nilikuwa nimechoka sana, Athieno. Halafu hofu ikarudi nikalala kitandani kama ulivyosikia. Lakini kwa dakika moja nilishukuru Senegal. Sasa tuko wawili.

Asante kwa kunizika kidogo, tena vizuri. Nimemwambia daktari sehemu yangu imeshafika nyumbani, na hii ingine inafuata ikitembea.

Tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi na mbili tunafungua na Tunisia. Halafu ni Tanzania na Nigeria. Watu wa redio wameanza tena, eti hatutoki kundini. Waache waseme. Uje Paya, uketi kando yangu, mbele ya watu wote. Mguu wa kukatwa sina tena, na huu ulioko sitauweka kwenye mechi yoyote. Kwa hiyo sababu huna. Siku hiyo, omba tushinde.

Kaka yako,
Ofumbi